Mahubiri ya Maziko ya Bi Judith

Bi Judith alizikwa mwezi wa Aprili lakini hakuhubiriwa mpaka Novemba. Ndivyo walivyofanya watumwa wa Virginia. Mtu akifa leo anafukiwa leo, jioni, watu wakitoka kazini, maana tumbaku haingoji msiba. Mahubiri yake husubiri mavuno yaishe, ipatikane Jumapili moja ya watu kukusanyika kutoka mashamba yote ya jirani. Mpaka siku hiyo marehemu huhesabiwa yuko njiani, hajafika.

Wa kumhubiri alikuwa mkwewe, Isham Tolliver, mchungaji wa kanisa la weusi mjini Petersburg. Isham alikuwa mtumwa kwa miaka thelathini na mmoja. Alijinunua mwenyewe kwa malipo ya kazi za ziada katika kiwanda cha tumbaku, na baada ya hapo akaweka akiba nyingine, dola mia sita, za kumtoa mkewe Keziah na binti yao Lettice wa miaka tisa. Hao walikuwa bado mali ya Bwana Garland Pettiway, ng'ambo ya mto.

Bei hiyo Isham hakuitunga. Bi Judith ndiye aliyemlea Pettiway tangu akiwa mchanga, na siku alipokuwa anakata roho Pettiway alikaa kando ya kitanda chake akamshika mkono. “Nenda kwa amani, Mama Judith,” alisema. “Keziah na mtoto nitampa Isham kwa mia sita.” Kibandani mlikuwa na watu kumi na wawili waliosikia. Wote weusi.

Oktoba Isham alipopeleka pesa, Pettiway alikuwa barazani anakula tunda la peasi kwa kisu.

“Mia sita inamtosha mama mtu,” alisema. “Mtoto kuna mnunuzi wa Richmond ananipa mia tatu na hamsini. Mwaka mpya ukiingia anakuja kumchukua.”

“Bwana, ulimwahidi marehemu.”

“Nani alisikia?”

Isham alijua maana ya swali lile. Katika mahakama za Virginia, neno la mtu mweusi dhidi ya mweupe lilikuwa sawa na kikohozi cha ng'ombe.

Jumatatu aliketi katika kibanda cha kunyolea cha Shemasi Brack, rafiki yake, mtu huru mwenye ulimi mkali kuliko wembe wake.

“Umekwenda na kofia mkononi, umerudi na kofia mkononi,” Brack alisema huku anampaka sabuni. “Ningekuwa mimi ningemwambia yule nguruwe mawili matatu.”

“Ungekuwa wewe ungekuwa kaburini, na mimi ndiye ningepata taabu ya kukuhubiri. Nitafute wapi jema la kusema juu yako?”

Brack alicheka mpaka akauondoa wembe shingoni mwa mwenzake. “Sasa utafanya nini, Mchungaji?”

“Nitamhubiri mama mkwe.”

“Na mtoto?”

“Brack, sheria inasemaje juu ya mimi kuhubiri?”

“Inasema usifungue mdomo mpaka wazungu wawe wameketi wanakusikiliza, usije ukawafundisha watu kuchoma maghala. Watoto wote wa mji huu wanajua.”

“Basi,” Isham alisema. “Miaka yote sheria hiyo imenikwaruza kama mchanga kwenye kiatu. Safari hii nitaivaa.”

Alirudi kwa Pettiway, akaomba Jumapili ya pili ya Novemba. Akasema hataki kuvunja sheria, na kwa kuwa Bi Judith alikuwa mlezi wa Bwana mwenyewe, ingependeza waje wazungu wa heshima: Mchungaji Crump wa kanisa lao, Hakimu Wardlaw na mkewe, na majirani wote. Pettiway alipenda sana. Aliagiza nguruwe wawili wachinjwe.

Siku ilipofika, watumwa mia mbili na zaidi walikaa juu ya magogo chini ya kivuli cha matawi. Wazungu waliwekewa viti mbele. Keziah alikaa gogo la kwanza, Lettice ubavuni, na alipomwona mumewe anapanda jukwaani alimtazama kama anayemwambia: usitetemeke, watakuona. Isham hakutetemeka. Tangu alipoamka alikuwa na uhakika, kama fundi aliyepima ubao mara mbili kabla ya kukata.

Akaanza polepole. Akasema Judith alizaliwa wapi, aliuzwa mara ngapi, alizaa wangapi, wamebaki wangapi. Kila aliposema jambo, aliuliza kama desturi yao ilivyo, “Ni kweli au si kweli?” na waliomjua marehemu wakaitikia, “Ni kweli!” Alisema Judith alimfunga kamba mbuzi aliyekula kofia ya Mchungaji Crump. Weusi wakaitikia, na Crump mwenyewe, mzee mnene, akapiga goti lake na kupaza sauti, “Ni kweli kabisa!” Watu wakacheka. Tangu hapo wazungu nao walikuwa wanaitikia.

“Alimkeshea Bwana Garland alipopata homa ya koo. Ni kweli au si kweli?”

“Ni kweli!” Pettiway aliitikia, macho yamelowa.

“Na Bwana Garland hakusahau!” Isham alipandisha sauti. “Wako wanaosahau titi lililowanyonyesha. Huyu si mmoja wao! Alikuja kibandani, akapiga magoti. Akamwambia: Mama Judith, nenda kwa amani, Keziah na Lettice nitampa Isham kwa dola mia sita, wote wawili. Ndugu zangu, mwanamke yule alifumba macho akitabasamu, kwa sababu alijua ni neno la Pettiway!”

Hapo akamgeukia Pettiway.

“Ni kweli au si kweli?”

Katika magogo hakuna aliyeitikia. Hakuna aliyewafundisha, walielewa tu. Watu mia mbili wakakaa kimya wakikitazama kiti kimoja. Crump akageuza shingo. Hakimu naye akageuka. Keziah alimshika Lettice mkono kwa nguvu mpaka mtoto akaguna.

Mke wa hakimu, Bi Harriet, mama mwenye sauti ya kuitia bata, ndiye aliyesema. “Garland! Hukutuambia! Marehemu mama yako angejivunia kweli.”

Pettiway alikuwa mwekundu hadi masikioni. Angeweza kusema si kweli. Lakini angelisema mbele ya hakimu wake, mchungaji wake na majirani anaowauzia tumbaku, na watu mia mbili ambao nyuso zao zingemsuta kila asubuhi.

“Ni kweli,” alisema.

“NI KWELI!” magogo yakanguruma, ndege wakaruka.

Karatasi iliandikwa kesho yake mahakamani, kwa mkono wa hakimu mwenyewe, pesa zikakabidhiwa. Wakiwa nje, Pettiway akamsogelea Isham. “Umenitega.”

“Nimekusifu, Bwana. Uliza yeyote.”

“Usikanyage tena shambani kwangu.”

“Nikafuate nini?” Isham akajibu, karatasi ikiwa tayari mfukoni.

Asubuhi ile, kabla ya kuondoka shambani, Isham, mkewe na mtoto walikuwa wamepita kaburini. Keziah aliweka juu ya udongo kikombe cha mama yake, amekivunja ukingo kama ada inavyotaka, ili kisimwite mwingine wa nyumba ile amfuate marehemu. Mtoto alitaka kukichukua. “Kiache,” mama yake alimwambia. “Bibi sasa amefika.”

Njiani kutoka mahakamani Keziah akasema, “Nisomee hiyo karatasi.”

Isham akasoma. Ilisema kwamba Keziah na Lettice ni mali halali ya Isham Tolliver. Kuandika kwamba wako huru kusingefaa: Virginia mtumwa akiachwa huru hupewa mwaka mmoja awe amelihama jimbo (Isham mwenyewe alibaki kwa kibali cha mahakama), na wao walitaka kuhama kwa siku watakayoipanga wenyewe.

“Mali yako?” Keziah alisimama katikati ya barabara.

“Ndivyo inavyosema.”

“Kwa hiyo wewe ndiye bwana wangu?”

“Karatasi ndiyo inayosema, mke wangu, si mimi.”

“Haya, bwana wangu.” Akamtwika kapu la viazi, na juu yake bunda la nguo. “Tangulia.”

Isham akatangulia. Lettice akamkimbilia na kuning'inia kwenye mkono wake uliobaki mtupu.