Kondoo, Kabichi na Bizari ya Baba Mwadini

Wanaosema hasira hasara hawajawahi kutiliwa bizari kwenye sufuria yao wakiwa wameipa mgongo. Sihaba alitiliwa, tena na mumewe wa ndoa, Jumapili moja ya Oktoba mwaka tisini na nane, katika jiko la ghorofa ya saba nyuma ya mtaa wa Dengfeng, Guangzhou.

Kabla hajaolewa, Sihaba alipika miaka sita Msasani, Dar es Salaam, kwa bibi mmoja wa Kinorwe aliyeitwa Solveig. Bibi yule hakumweka jikoni kumenya viazi tu. Alimsimamisha kando yake akamfundisha mabonge ya samaki katika mchuzi mweupe, mikate myembamba ya viazi, vinyama vya mviringo vya Waswidi, hata kabichi ya siki ya Wajerumani. Na juu ya vyote alimfundisha chakula ambacho Sihaba alikiita farikoli. Unapanga nyama ya kondoo na mifupa yake, unapanga mapande ya kabichi, tena nyama, tena kabichi. Chumvi, maji, na pilipili manga nzima. Unafunika, unaacha saa tatu. Hakuna kitunguu, hakuna thomu, hakuna tungule. "Vitu vitano," bibi alikuwa akisema. "Ukitia cha sita umeshaharibu."

Kisha Sihaba akaolewa na Nassor wa Unguja, wakamzaa Mwadini, mtoto wakamwacha kwa bibi yake, wao wakaja China. Nassor alikuwa na kazi yake. Alfajiri yuko soko la vitambaa la Zhongda, mchana anabishana na malaobani, wale matajiri wa Kichina wenye mali, jioni anarudi amechoka na maneno yamemwishia. Sihaba je? Miaka miwili alikaa dirishani akihesabu nguo za majirani zilizoanikwa. Mwanamke mwenye mikono kama ile! Basi alikuwa akichacha ndani kwa ndani.

Ndipo siku moja, kwa Mchina Muislamu auzaye nyama, mzee mmoja mweupe akamsikia akilaani bei kwa Kiswahili, akacheka. Jina lake Halvor, Mnorwe, fundi wa mitambo aliyewahi kukaa Tanga na kuondoka na Kiswahili chenye matundu. Yeye na wenzake kumi na mmoja walipanga nyumba moja upande wa Haizhu, na walikuwa wakitafuta mpishi wa kuwapikia chakula cha kwao. Sihaba aliposema farikoli, mzee aliweka mfuko wake chini.

"Unajua kupika hiyo?"

"Njoo Jumapili uonje. Lakini mimi nguruwe sipiki, sufuria natumia zangu, na magharibi niwe nyumbani kwangu."

Mzee akakubali yote matatu. Kazi ile ilining'inia kwenye sahani moja tu.

Nassor alipoambiwa alitabasamu. "Sawa, jaribu." Wiki nzima Sihaba akajizoeza, maana mkono ukikaa husahau. Jumatatu mabonge ya samaki, Jumatano mikate ya viazi, Ijumaa vinyama vya mviringo. Nassor akinusa, akisukuma sahani. "Hiki chakula cha mgonjwa, Mama Mwadini." Dada yake Nassor, Nahla, aliyefikia kwao alipokuja kununua nguo za duka lake katika soko la Guangyuan Xilu, alicheka pamoja naye, ila vile vinyama alirudia mara tatu.

Jumapili saa tatu asubuhi sufuria ilikaa motoni. Saa sita kasoro simu ikalia: Halvor amepotea vichochoroni. Sihaba akajifunga mtandio.

"Baba Mwadini, nashuka kumchukua mgeni. Usifunue. Usikoroge. Usiguse."

"Niiguse ya nini mimi?" akasema Nassor.

Ilimchukua muda kumpata yule mzee. Wakapanda ngazi pamoja, na walipofika ghorofa ya tano pua ya Sihaba ikamwambia. Bizari! Hiliki, mdalasini, thomu inayokaangwa. Kwanza alijipa moyo kwamba ni kwa jirani. Lakini jirani gani wa Kikantoni akaange bizari? Akakimbia ngazi zilizobaki, mzee nyuma yake akihema.

Lahaula! Sufuria ilikuwa ya manjano. Tui la kopo limemiminwa, ndimu imekamuliwa, kabichi imekorogwa mpaka imekuwa uji, na Nassor amesimama na mwiko mkononi, uso umemng'aa.

"Nimekuokoa aibu," akamnong'oneza. "Mgeni na heshima zake unampa kabichi ya maji? Watu wa Unguja watasemaje?"

Hapo mzee akatokea mlangoni. Nahla akatoka chumbani, akamkaribisha mgeni, akampakulia. Halvor akala vijiko vitatu polepole, akafuta midomo.

"Tamu, mama. Mchuzi mzuri," akasema kwa adabu. "Lakini mchuzi napata hapo chini kila siku. Asante sana." Akainuka, akachukua kofia, akashika ngazi.

"Umeona?" akasema Nassor. "Kasema tamu."

Ee, hapo ndipo palipochafuka! Sihaba aliupokonya ule mwiko akaupiga mezani mpaka ukavunjika.

"Nilikwambia usiguse! Nilikwambia kwa mdomo huu huu! Umepata kuniona nikija Zhongda kukutilia rangi vitambaa vyako? Kikulacho ki nguoni mwako, wallahi, mimi changu kinanila mezani na ninakipakulia kila siku!"

"Nilitaka kukusaidia, mke wangu."

"Nitazame. Ulitia kwa kunisaidia au ulitia kwa kunizuia?"

Nassor akatazama miguu yake.

"Kaka, jibu," akasema Nahla.

"Wanaume kumi na wawili, Sihaba," akasema hatimaye, kwa sauti ya chini. "Mke wangu akawapikie wanaume kumi na wawili."

Kumbe! Sihaba aliona bora angepigwa kofi. Kukatazwa angeweza kukukubali au kugombana nako, kama wagombanavyo watu wazima. Lakini kuchekewa wiki nzima, halafu kuviziwa kwenye chungu kama na paka!

"Wiki nzima hukuwa na mdomo? Ungesema hapana, tungepigizana kelele mpaka asubuhi, mmoja wetu angeshinda. Umeona haya kusema na mimi, hukuona haya kunidhalilisha mbele ya mgeni!"

Hakungoja jibu. Alimimina ule mchuzi wote katika beseni la plastiki, akaisugua sufuria kwa sabuni, akaisugua tena kwa ndimu mpaka harufu ikatoka. Kwenye friji kulikuwa na shingo na bega la kondoo, akiba ya wiki, na kabichi mbili nzima. Nyama na pilipili manga akavitia ndani ya sufuria.

"Wifi, vaa viatu. Chukua kabichi."

Nahla akamtazama kaka yake, akamtazama wifi yake, akavaa viatu.

Walimkuta mzee njiani, alikuwa amepotea tena vichochoroni, ndiyo kwanza anasimamisha teksi. "Bwana Halvor, simama! Kile si kazi ya mkono wangu. Nipe jiko lako saa tatu tu. Kikikushinda kula, mimi na wifi yangu tutarudi zetu kwa miguu."

Mzee aliitazama ile sufuria kwapani, akautazama uso wa Sihaba, na nadhani uso ndio aliouamini. Akafungua mlango wa teksi.

Saa tatu nzima Sihaba alisimama kwenye jiko la watu akiilinda sufuria yake, hasira imemshika mgongo hakukaa hata mara moja. Akapakua kwenye sahani mpya alizomtuma Nahla kununua duka la jirani, zimepashwa moto. Wale wanaume wakala kimya. Punje za pilipili manga wakazitoa moja moja na kuzipanga ukingoni mwa sahani, vile vile kama bibi Solveig alivyokuwa akizipanga Msasani, na Sihaba alipoziona akajua. Halvor akaja jikoni na mkate, akapangusa sufuria.

"Kesho," akasema. "Unakuja saa ngapi?"

Magharibi haijaadhiniwa walikuwa wamesharudi nyumbani. Nassor amekaa mezani peke yake, mikono mashavuni. Beseni liko pale pale, limejaa, mafuta ya kondoo yamegandia juu.

"Nimepata kazi," akasema Sihaba. "Naanza kesho."

Nassor akalisukuma beseni kando. "Nina njaa," akasema.

"Chakula si hicho? Umekipika mwenyewe."

"Nilionja." Akameza mate. "Hakiliki, Mama Mwadini. Kabichi na tui havipatani."

Nahla akakimbilia chumbani, akacheka huko huko. Sihaba hakucheka. Alichukua sahani kubwa ya wageni, akaijaza kutoka beseni lile mpaka pomoni, akakamulia ndimu juu yake, akaiweka mbele ya mumewe pamoja na kijiko.

"Kula yote, Baba Mwadini," akasema. "Watu wa Unguja watasemaje?"