Soksi za Sufu

Wa kulaumiwa ni nani? Dorothea alikuwa na jibu lake: ni yeye mwenyewe.

Castory mumewe, fundi plasta wa Nkuhungu, alipatwa na kiharusi mwezi wa pili. Mguu ulirudi, ulimi ukarudi, mkono wa kulia ukagoma. Shangazi yake Castory, Emiliana, akaja kutoka kijijini kukaa nao, na kopo la mafuta ya kondoo mkononi. Akasema adui wa mkono uliopooza ni baridi, na upepo wa Dodoma mnaujua, hauna adabu. Basi kila asubuhi Dorothea aliupaka mafuta mkono ule, akauvika soksi mbili za sufu, akaufunga kwa kanga kifuani. Miezi minne! Mke mwema huyo, watu wakasema. Alimlisha, akamwosha, wala hakuuacha mkono uguse hata ukingo wa kitanda.

Ndipo akaja Sila, mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Akavua soksi, akaugeuza mkono. Kiganja kilichokuwa na sugu za mwiko wa plasta kilikuwa laini kama cha mtoto mchanga.

"Mama, nani aliwaambia mfunge?"

Dorothea hakumtaja mtu.

"Kichwani kila kiungo kina kiwanja chake," Sila akasema taratibu. "Kiganja kikigusa, kikikwaruzwa, kikipata baridi, habari zinapanda juu, na kile kiwanja cha kuuendesha mkono kinabaki na mwenyewe. Huu haujagusa kitu miezi minne. Na kiwanja kisichoendelezwa, wewe mkazi wa Dodoma unajua. Majirani wanasogeza mipaka."

"Hakirudi?"

"Huenda kikarudi. Ila nafasi kubwa ilikuwa miezi ile ya mwanzo."

Ile ile aliyoifunga kwa kanga. Dorothea alimsindikiza mgeni hadi barabarani, akamshukuru, kisha akarudi na beseni la mchanga.

Tangu siku hiyo hakukuwa na huruma ndani ya nyumba ile. Mchanga asubuhi, uwele mchana, maji ya baridi jioni, na gunzi la hindi la kusugulia kiganja mpaka kiwe chekundu.

"Unasikia?"

"Sisikii."

"Na hapa?"

"Mama Rose, nimechoka."

"Utachoka kesho."

Wiki ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. Majirani wakaanza kunong'ona kwamba anamsugua mgonjwa kama sufuria lililoungua. Umke mwema uliishia hapo. Mkono ulilala tu.

Siku moja nguvu zilimwishia. Aliuzika mkono wa mumewe mchangani, akaingiza na wake chini yake, akainamisha kichwa juu ya beseni. "Nimekuua mkono, baba Rose," alisema. "Kwa mapenzi yangu ya kijinga, nimekuua mkono."

Kitu kikamshika. Alidhani mchanga umeporomoka. Kidole kimoja kikajikunja juu ya vyake, kikafuata cha pili, kisha vyote vikambana hadi mifupa ikasagana.

"Fungua," alisema kwa maumivu.

Castory alikuwa akitetemeka, jasho linamtiririka. "Siwezi. Sijui unavyofunguliwa."

Shangazi Emiliana alitoka jikoni mbio, akaanza kuvibandua vile vidole kimoja kimoja.

"Mwache, shangazi."

"Atakuvunja, mwanangu!"

"Mwache avunje," Dorothea akasema, na kwa mkono wake mwingine akairundikia mchanga mikono yao iliyoshikana.