Konzi Tatu za Chumvi

Jumamosi asubuhi Safta Burlacu alikata mkate vipande sita, akavipanga kwenye sahani, akachomeka mshumaa katikati na kwenda nao hadi uzio wa nyuma. Begani alibeba koti la marehemu mumewe, Toader. Ng'ambo ya uzio alikuwa anakaa Dambar, Mnepali wa kiwanda cha mbao.

Pale Valureni sadaka ya mwanamume aliyekufa anapewa mwanamume. Shida ni kwamba wanaume wamekwisha. Wameenda kaskazini kujenga, kuchinja nguruwe, kuendesha malori. Kijijini wamebaki saba, wazee watupu, na kila mmoja ana makoti manne ya marehemu na ameshasema inatosha. Dambar mabega yake yalilingana na ya Toader. Akapewa yeye.

Ukipokea unatakiwa useme, "Mungu amsamehe." Dambar hakujua neno hata moja la pale. Alinyoosha mkono wa kulia, wa kushoto ukashika kiwiko cha kulia, akainamisha kichwa. Kwao ndivyo mtu mzima anavyopokea kitu kwa heshima.

Catinca, jirani wa upande wa kanisani, alikuwa anaangalia huku anakamua mbuzi.

"Hajasema kitu huyo. Hiyo sadaka haijafika."

"Itafika."

"Haya. Barua haina stempu, lakini itafika."

Alhamisi jioni marehemu Toader mwenyewe alipita barabarani amevaa lile koti, kafunga vifungo vyote. Catinca alimtazama mpaka akakata kona.

"Limemkaa," akasema.

Tangu hapo kila Jumamosi Dambar alikula kwa Safta. Chakula cha sadaka kinamshibisha anayekula, ila ladha inakwenda kwa marehemu aliyetajwa jina. Dambar hilo hakuambiwa. Alidhani watu wa pale hawajui kupika tu. Wiki ya pili akaja na pilipili yake ya unga ndani ya kikopo, akanyunyiza mpaka supu ikawa nyekundu. Haikuwasha. Akafunga kikopo, akamaliza supu. Kwao kubakiza chakula cha mwenyeji ni kumtukana.

Simu ya Dambar ilikuwa inatafsiri. Walijaribu mara moja. Ikamwambia Safta kwamba koti linaomba kuolewa. Wakaiweka kando, wakaendelea na mikono.

Safta alikuwa na mtoto mmoja, Relu, wa miaka ishirini na sita. Alipanda basi dogo jeupe, lile linalokuja kila Alhamisi kubeba watu wa ujenzi. Miezi kumi na minne sasa hajapiga simu. Kila Jumatatu Safta aliipigia kampuni, na kila Jumatatu mwanamke mmoja mwenye sauti nzuri alimjibu kwamba Relu yuko zamu.

"Miezi kumi na minne zamu moja?"

"Kwenye karatasi yuko zamu, mama."

Safta alitaka kujua kitu kimoja tu, kama mwanawe ni mzima au amekufa. Siku moja akamwambia Catinca alichofikiria. Angempikia Dambar supu na kutoa kwa jina la Relu. Relu akiwa mzima, ladha itabaki mdomoni mwa Dambar. Akiwa amekufa, itaondoka.

Catinca akaacha kukamua. "Umtolee sadaka mtu aliye hai? Si ndiyo kumchimbia kaburi huko?"

"Kama yuko hai atakohoa kidogo tu."

"Na huyu wako utajuaje kaonja? Hata ukimlisha viatu anamaliza."

"Nitatia chumvi," alisema Safta.

Alitia konzi tatu. Chumvi ile ya mawe, ya kulambisha ng'ombe. Kijiko kilikuwa kinasimama chenyewe. Akaweka picha ya Relu kando ya bakuli, akataja jina lake, akakaa mbele ya Dambar na mtungi wa maji miguuni.

Dambar aliiangalia picha, akamwangalia Safta. Akala. Alikula taratibu, kijiko kwa kijiko, akafuta bakuli kwa mkate, akafunga mikono kifuani kushukuru. Maji hakuomba.

Safta akaubeba mtungi ukiwa umejaa vilevile, akaurudisha jikoni.

"Adabu tu hiyo," Catinca alisema kesho yake. "Si nilikwambia? Anamaliza hata viatu."

Alikuwa bado anasema hivyo Relu akatokea barabarani. Alivaa helmeti na kizibao cha njano kinachong'aa, mgongoni kimeandikwa 41. Kiatu cha kulia hakikuwepo. Hakusalimia, kwa sababu wafu wa Valureni hawasemi. Alinyooka moja kwa moja mpaka kisimani, akavuta ndoo, akanywa yote. Akavuta ya pili, akanywa. Akavuta ya tatu.

"Chumvi," alisema Catinca kutoka uzioni.

"Nilitia konzi tatu," alisema Safta.

"Mtoto wako mwenyewe?"

"Ningejuaje?"

Alikwenda kumshikia kamba ya ndoo. Relu alikunywa ndoo tano kabla ya kukaa chini. Nywele zake zilikuwa zimeganda zege. Safta alijaribu kuzichambua kwa kitana, meno matatu yakakatika, akaacha.

Jioni Dambar alitoka kiwandani, akamkuta Relu kwenye ukingo wa kisima. Walitazamana. Kisha Relu akainua mkono, kidole juu, akakizungusha. Dambar akaweka mfuko wake chini. Miaka sita alikuwa amejenga maghorofa nchi za Ghuba, na lugha ile aliijua vizuri kuliko ya mama yake. Kidole kinazunguka juu, kreni inainua. Kiganja kinapiga chini, inashusha. Mikono yote miwili imenyooshwa kando, simama.

Relu aliongea kwa dakika kumi hivi. Mwishoni alikuwa anarudia kitu kimoja. Mikono kando. Mikono kando. Mikono kando.

Dambar akamshika Safta mkono, akamwingiza jikoni. Mezani alijenga mnara wa vijiti vya kuwashia moto. Juu kabisa akaweka kifungo cha shati. Huyo Relu. Kando akasimamisha kikombe, hiyo kreni. Kati ya kikombe na mnara akasimamisha njiti ya kiberiti, akajigusa macho mawili. Hapo alitakiwa awepo mtu wa kuangalia mikono. Halafu akaiondoa njiti, akaitia mfukoni, akaonyesha mahali pake patupu.

Akasukuma mnara. Kifungo kikaangukia mezani.

Safta alidhani yameisha. Dambar akavuta bakuli la unga, akaumwaga juu ya kifungo mpaka kikafunikwa, akausawazisha kwa kiganja, pole pole, hadi meza yote ikawa laini kama sakafu mpya.

"Wako juu yake," alisema Safta. "Wanatembea."

Dambar hakuelewa maneno. Alitikisa kichwa kukubali.

Polisi wa kijiji aliandika kila kitu. Hakushangaa, marehemu mama mkwe wake mwenyewe huja kila Jumatano kukagua vyungu.

"Shahidi ni nani?"

"Marehemu."

"Ametamka?"

"Kwa mikono. Mnepali ndiye aliyeelewa."

"Mnepali anaongea lugha yetu?"

"Haongei."

"Na wewe unaongea yake?"

"Siongei."

"Basi nimeelewa." Akapiga simu kwa kampuni. Akasikiliza, akashukuru, akaandika mstari mmoja na kugonga muhuri. Mstari ulisema Relu Burlacu yuko zamu.

"Yuko nyumbani kwangu anakunywa kisima," alisema Safta.

"Mama, mimi sikatai. Lakini akiwa zamu siwezi kumwandika amekufa. Niletee karatasi kutoka huko."

Wiki ile mwenye kiwanda cha mbao alimwita Dambar. Pasipoti yake ilikuwa kwenye kabati la mwenye kiwanda, na sasa ilikuwa inahamia kwenye kabati la kampuni ya basi jeupe. Pasipoti ikihama, mwenyewe anaifuata. Walimpa helmeti, viatu na kizibao cha njano.

Alhamisi asubuhi alikuja kuaga. Safta alimgeuza, akasoma mgongo. 41.

Relu alikuwa pale kisimani, amewageuzia mgongo. 41. Dambar alitazama mgongo wa Relu kwa muda mrefu. Akajaribu kuusugua wake kwa ukucha, namba haikutoka. Akatoa mfukoni picha ndogo, ya kuombea visa, akampa Safta kwa mkono wa kulia, wa kushoto kwenye kiwiko. Akajigusa kifua.

"Dambar Gurung."

"Dambar Gurung," alisema Safta.

Dambar akamrekebisha mara mbili mpaka akalitamka sawasawa. Jina lisipofika vizuri, sadaka haifiki. Hilo sasa alilijua.

"Mwambie asiende," alisema Catinca.

"Nimwambie kwa nini? Anajua."

Basi jeupe lilikuja saa tatu. Ndani walikuwamo vijana wawili wa kijiji cha chini. Dambar akaingia, akakaa dirishani. Dereva alipowasha gari, Relu alitoka kisimani na kiatu chake kimoja, akasimama katikati ya barabara, akanyoosha mikono yote miwili kando.

Dereva hakukanyaga breki. "Barabara hii ina hao kila wiki," aliwaambia abiria. Basi likampita Relu katikati ya kifua. Alibaki amenyoosha mikono hadi vumbi likatulia, halafu akarudi kisimani.

Kiwanda kilileta mwingine, Msri Lanka, mwembamba, jina lake Nuwan. Makoti ya Toader yalimpwaya lakini aliyapokea. Kila Jumamosi Safta humwekea mabakuli mawili. La kwanza analitoa kwa Relu, chumvi kidogo tu, maana kisima nacho kina mwisho. La pili lina konzi tatu. Kando yake anaweka ile picha ndogo ya Dambar, anataja jina lote, la kwanza na la ukoo, anakaa kusubiri na mtungi miguuni.

Jumamosi hii nayo Nuwan alimaliza la kwanza bila kukohoa. Akachota kijiko kwenye la pili, akakitia mdomoni. Macho yakamtoka. Akakohoa, akashika koo, akamwangalia Safta kama mtu aliyetaka kumuua kwa sumu, akaonyesha mtungi kwa mikono miwili.

"Mpe maji basi, mtu anakufa huyo," alisema Catinca kutoka uzioni.

"Subiri kwanza," alisema Safta. "Acha akohoe kidogo."