Shahidi wa Koplo Mwanaheri

Koplo Mwanaheri alikuwa na uchovu ambao usingizi hauutoi. Miaka nenda miaka rudi anasuluhisha ugomvi wa kuku na mipaka ya mashamba pale kituo cha Kibiti, huku vijana aliowafundisha yeye kuandika maelezo ya mashahidi wakimpita vyeo kwa kuwa wana stashahada. Sasa chuo kimoja cha Dar kilikuwa kimelegeza masharti. Askari aliyepitia mafunzo ya polisi angehesabiwa kuwa amemaliza mwaka wa kwanza wa stashahada ya sheria, aingie moja kwa moja wa pili, ambao ndio wa mwisho. Mkuu wake wa kituo alimpa ruhusa ya mwaka mmoja, basi. Mafunzo yakikubaliwa, anasoma. Yakikataliwa, anarudi kwenye kuku wake.

Tatizo lilikuwa cheti. Mafuriko ya Elnino yalikibeba pamoja na nusu ya nyumba ya mama yake kule Mkongo, na nakala aliyoiomba bado ilikuwa "inashughulikiwa". Neno hilo yeye mwenyewe amewaambia wananchi mara nyingi mno, kwa hiyo maana yake aliijua. Chuo kikasema, haya, alete mtu aliyepita naye depo ya mafunzo ya polisi, athibitishe kwa mdomo mbele ya kamati.

Aliyepatikana karibu ni mmoja tu, Bashiru. Na Bashiru alifukuzwa kazi kwa kuachia shehena ya boriti za mikoko isiyo na kibali. Aliyetoa ushahidi uliommaliza ni Mwanaheri.

Alimkuta bandarini Nyamisati akipanga boriti, siku hizi kwa leseni yake mwenyewe.

"Karibu, afande," alisema Bashiru bila kuinuka.

"Kaka Bashiru, nina shida."

"Shida gani tena? Miye sina kazi nyingine ya kufukuzwa."

Akamweleza kwa mkato, akiona haya hata kumtazama usoni. Alitegemea matusi, na angeyapokea. Bashiru alifuta jasho, akauliza safari ni lini.

Siku ya mwisho ya kupokea maombi walikuwa mbele ya kamati. Bashiru alieleza vizuri kupita alivyoombwa: kwata, sheria ya ushahidi, na jinsi Mwanaheri alivyowafafanulia wenzake vifungu vilivyowashinda. Mwenyekiti akaridhika, akaanza kuandika. Kisha, kwa adabu tu ya mazungumzo, akauliza, "Na wewe, bwana, uko kituo gani?"

Mwanaheri alimkazia macho. Sema umestaafu, alimwomba kimoyomoyo. Sema lolote.

"Sipo kazini, mheshimiwa. Nilifukuzwa. Niliachia mali ya magendo, na dada huyu ndiye aliyesema kweli juu yangu."

Kalamu ilisimama. Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya. Alieleza kwa upole kwamba kanuni haziruhusu ushuhuda wa mtu aliyefukuzwa kwa kukosa uaminifu. Koplo anakaribishwa, ila aanzie mwaka wa kwanza. Mwanaheri alishukuru, kwa kuwa amezoea kushukuru.

Wakati wa kurudi, basi lao lilinasa kwenye tope kabla ya Kibiti, abiria wakateremshwa wasukume. Wakasimama nyuma ya gari, viatu mkononi, wakingoja dereva awashe injini.

"Umenikasirikia?" Bashiru aliuliza.

Mwanaheri alikuwa amechoka mno hata kwa uongo mdogo. "Nilitaka udanganye. Wallahi, nilikuomba kwa macho."

"Nilikuona," alisema Bashiru, bila kinyongo chochote. "Siku ya shauri langu nami nilikuomba hivyo hivyo."

Mwanaheri aliyakumbuka macho yale. Miaka yote hii aliamini yalikuwa ya chuki. Alitaka kusema pole, lakini neno lenyewe aliliona dogo, tena limechelewa. Utingo akapiga bati la basi. Wakaweka mabega, wakasukuma.