Vitoto vya Jumapili

Marit alitoka Norwe kwa nauli yake mwenyewe kuja kuwapenda kasa wetu. Sisemi kwa kejeli. Nilimlaza nyumbani kwangu kiangazi kizima, nikamlisha wali na samaki mkavu, na sijapata kuona mtu mzima mwingine anayelia kwa sababu mbwa kafukua yai. Alfajiri alikuwa ameshatoka kufuata nyayo za kasa ufukweni, akirudi ana mchanga mpaka kwenye nyusi.

Kila mwaka, Jumapili ya mwisho kabla shule hazijafunguliwa, kijiji chetu huwapa watoto vitoto vya kasa wavipeleke baharini. Baba zetu walianzisha desturi hiyo walipoacha kula mayai, na sasa watu huja kisiwani kwetu kwa meli kutoka mji wa Kagoshima kutazama. Lakini vitoto havijui kalenda. Mwaka ule vilichomoza mchangani Alhamisi, na Mzee Kuwahata, mwenyekiti wa chama cha kasa, akavitia kwenye beseni la maji ya bahari nyuma ya ofisi ili vingoje sherehe.

"Vinaogelea usiku na mchana humo ndani," Marit aliniambia jikoni. "Mama Fusae, nguvu hiyo ni ya safari ya kwanza tu. Vikiimalizia kwenye beseni, huko baharini vitaliwa vyote."

"Mwambie mwenyekiti."

"Nimemwambia. Kasema ni wazo zuri sana, atalifikiria."

Nikacheka. "Basi ameshakukatalia, mwanangu. Akufukuzaye hakwambii toka. Ulitaka akutukane ndiyo uelewe?"

Hakuelewa. Ijumaa asubuhi beseni lilikuwa tupu. Wala hakujificha, alikwenda mwenyewe ofisini kusema kwamba ameviachia, uso unang'aa kama wa mtu aliyejifungua salama.

Mzee Kuwahata alimwinamia. "Umechoka, binti. Pumzika kwanza."

Basi. Hakuna aliyemfokea. Lakini dukani Bi Hidaka alimhudumia bila kumtazama, na wenzake wa zamu ya kulinda viota wakawa wanapita njia nyingine. Nikanunua maboksi ya keki za maharage, nikamkokota nyumba kwa nyumba kuinama na kuomba radhi, maana kwetu radhi haziombwi mikono mitupu. Kila mlango ulipokea boksi na kusema si kitu.

"Wamenisamehe," alisema njiani, akifuta macho.

"Wamepokea keki," nikamjibu.

Jumapili ufuo ulijaa. Ngoma zilipigwa, watoto wakapanga foleni na kofia zao za shule, na mwenyekiti akamwita Marit mbele ya watu wote.

"Dada yetu huyu kavuka nusu ya dunia kwa ajili ya kasa. Leo yeye ndiye atakayewagawia watoto!"

Watu wakapiga makofi. Mzee akafunua beseni.

Lilikuwa limejaa. Magamba yalikuwa laini, macho mengine hayajafunguka, na kila kitoto kilikuwa bado na kifuko cha kiini tumboni, cha manjano, kinaning'inia. Wazee wa chama walikuwa wamefukua kiota kingine kabla ya wakati wake, wakapasua mayai kwa vidole.

"Mzee, hivi bado," Marit alisema. "Hivi haviwezi kuogelea."

"Watoto wanasubiri." Aliongea kwa upole kabisa, huku akiwatabasamia wapiga picha. "Ungetuachia vile vya kwanza, hivi vingekuwa vimelala mchangani hadi sasa. Wewe ndiye uliyechagua, binti. Gawa."

Nilitamani kumpiga na upawa. Lakini nilikuwa nyuma ya kamba pamoja na umati, na hasira ya aliye nyuma ya kamba haimuumizi mtu.

Marit akagawa. Alitumia mikono miwili, kwa adabu, kama tulivyomfundisha. Kabinti kamoja kakatazama kitoto chake, kakauliza, "Kitarudi, dada?"

Kwetu jibu ni moja tu: kitarudi utakapokuwa mama. Marit alimtazama Mzee, kisha akamtazama yule mtoto.

"Kitarudi," akasema.

Wimbi la kwanza likavichukua. La pili likavirudisha miguuni pa watoto, matumbo juu. Watoto wakapiga kelele za furaha wakidhani vimewapenda, wakaviokota, wakavirusha tena. Mwenyekiti akapiga makofi, na umati ukamfuata. Marit hakugeuka kutazama. Aliingiza mikono kwenye beseni akatoa kingine, kwa sababu foleni ilikuwa bado ndefu.