Vifurushi Kumi na Kimoja

Barua ya boma ilimkuta Hulda akimenya viazi. Mkono wake ulikuwa haujazoea kupika chakula cha mtu mmoja. Kila siku alijikuta amemenya sita, akapika vitatu, na vitatu vilivyobaki vikageuka vyeusi kwenye bakuli.

Tarishi alisimama mlangoni, ameshika baiskeli yake.

"Kamwene, Mama Yunisi."

"Kamwene. Leta."

"Hata chai hunikaribishi?"

"Umeniletea barua ya boma halafu unataka chai? Leta nitie sahihi, uende zako."

Aliisoma akiwa amesimama. Marehemu Anania, mwenye shimo la kupasulia mbao, alikuwa amekata kodi katika mishahara ya watu kumi na mmoja, shilingi mbili kila mwezi kwa miezi kumi ya mwaka uliopita. Fedha hizo hazikufika bomani. Mjane anayeendesha kazi hiyo alipe shilingi mia mbili na ishirini, na faini ya hamsini na tano, kabla ya mwisho wa Juni. Asipolipa, misumeno na mbao zitakamatwa, na yeye mwenyewe ataitwa mahakamani.

Mara ya kwanza aliisoma kwa hasira. Mara ya pili alikaa chini, maana hakuna neno ndani yake lililokuwa la uongo.

Fedha zilikatwa, na Anania hakula hata senti moja. Kichomi kilimuua mwezi wa Novemba, kabla hajazipeleka. Siku ya kumaliza msiba ukoo ulikaa uani, blanketi la marehemu limekunjwa juu ya kigoda, na Sila, mdogo wake, akauliza kama inavyoulizwa siku hiyo: "Nani anamdai ndugu yetu? Nani aliweka kitu chake mikononi mwake? Aseme leo. Mtu asilale ardhini ameshika mali ya mwenzake."

Hulda akaingia ndani, akatoka na sanduku. Mlikuwa na vifurushi kumi na kimoja vya kitambaa cha kaki, kila kimoja kimefungwa kwa uzi na kuandikwa jina kwa penseli, mwandiko wa Anania, herufi zimelala upande kama nyasi za Kitulo. Akaita jina moja moja. Watu wakaja, wakapokea kwa mikono miwili.

Lameki alipokea chake lakini hakufunga kiganja. Huyu alikuwa Mkinga wa Makete, mtu wa maneno machache, aliyefanya kazi ndani ya shimo, upande wa chini wa msumeno, kwa miaka tisa.

"Mama Yunisi, hizi ni za kodi," alisema. "Bwana alikuwa azipeleke boma."

Sila ndiye aliyejibu.

"Kodi ni ya nani? Si ya kichwa chako? Basi mpelekee karani mwenyewe. Au unataka kaka yangu alale na kichwa chako mfukoni?"

Watu wakacheka, ingawa ulikuwa msiba. Hulda aliona macho yote yanamtazama, na mabibi wa ukoo wanatikisa vichwa kukubali. "Chukua, Lameki," akasema. "Kila mtu apeleke yake."

Jioni ile walimsifu mpaka akaona haya. Mjane mwenye mikono safi, walisema. Kisha wakaondoka wote. Binti yake Yunisi naye akarudi kwa mumewe huko Lupembe, na nyumba ikabaki na Hulda na saa ya ukutani.

Sasa, akiwa na barua mfukoni, alianza kwa Sila.

"Shemeji, wewe ndiye uliyesema."

"Mimi niliuliza swali tu, shemeji," Sila alisema, akikwangua udongo kwenye jembe. "Aliyefungua sanduku ni wewe."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nini? Tulikuambia uuze misumeno, uje ukae huku na watu. Ukasema mbao utapasua mwenyewe. Haya, pasua."

Hulda hakungoja uji uliokuwa ukipoa pale jikoni. Alikwenda moja kwa moja bomani. Karani wa kodi alifungua daftari, akaweka kidole kwenye jina la Anania na kusema yeye hawezi kufuta mstari wala kuongeza mstari. Labda Bwana Shauri, mkubwa wa wilaya, na kwa Bwana Shauri mtu asiende na machozi, aende na karatasi. "Tafuta wakili, mama."

"Njombe hii kuna wakili?"

"Hakuna. Yupo wa Iringa. Kila Jumatano ya pili anapita Makambako akienda Mbeya kwenye kesi zake. Dereva akila, yeye anasikiliza watu barazani pa hoteli. Wahi."

Alipanda lori la magome ya miti ya miwati, akalipa shilingi mbili, akakaa juu ya mzigo. Njia nzima hakusemeshwa na mtu. Makambako upepo ulikuwa unapiga kama kawaida yake, na wakili, Mhindi mfupi mwenye sweta ya kijivu, alikuwa ameweka mawe manne juu ya karatasi zake zisipeperuke.

"Keti, mama. Nina nusu saa, na nyuma yako wapo wawili. Sema jambo lenyewe, usianzie kwa babu."

"Sina babu wa kuanzia. Soma."

Wakili aliisoma ile barua, akacheka kidogo puani, akauliza maswali kama mtu anayepigilia misumari. Mume alikata? Alikata. Alipeleka? Hakupeleka. Fedha ziko wapi? Hulda akaeleza siku ya kumaliza msiba, vifurushi, na jina moja moja. Wakili akaacha kuandika.

"Uliwarudishia? Mbele ya watu?"

"Mbele ya ukoo mzima."

"Mama, katika miaka yangu yote nimeona waajiri waliokula kodi ya watu. Aliyeirudisha sijamwona." Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la sweta. "Sikiliza. Sheria haiulizi nani anayo fedha leo. Inauliza nani aliikata. Kwa hiyo deni ni lako. Ila ipo njia. Nitakuandikia karatasi: 'Mimi fulani nimerudishiwa fedha yangu ya kodi, shilingi ishirini, na wenzangu kumi pia.' Waweke dole gumba. Nikiwa na hiyo, boma litakuacha wewe na kuwafuata wao."

"Kuwafuata vipi?"

"Kama watu wote wasiolipa kodi. Mwenye fedha atalipa. Asiye nayo atakwenda kuvunja mawe ya barabara mpaka deni liishe."

"Na wakikataa kuweka dole?"

"Dole moja linatosha. Mmoja akikiri, wengine nitawataja kwa majina." Akaangalia saa. "Njia ya pili ni kukiri deni lote na kuomba ulipe kidogo kidogo. Hiyo ni ya mtu aliyeshindwa. Wewe hujashindwa. Niletee dole, Jumatano ya wiki ya pili."

Akachukua shilingi kumi na tano, nusu ya ujira wake, akampa karatasi iliyopigwa chapa na kidau kidogo cha wino.

Jumatatu Hulda alifika shimoni mapema, karatasi na wino kwenye kikapu. Ukungu ulikuwa umelala juu ya gogo. Alikaa kwenye rundo la mabanzi akangoja. Hakuna aliyekuja. Sijui ni utingo wa lori aliyesema, au ni karani, lakini habari ilikuwa imemtangulia: mjane wa Anania anakusanya madole ya watu awapeleke boma.

Jumanne vilevile. Jumatano alimwona Mika, fundi wake wa kunoa misumeno, akija kwenye njia ya kanisani. Mika alimwona pia, akainama kufunga kamba ya kiatu. Alikuwa amevaa kandambili za tairi.

"Mika!" Hulda aliita. "Kandambili zinafungwa kamba tangu lini?"

Mika akakatisha kwenye miwati na kupotea.

Alhamisi akaja Lameki. Alisimama mbali, kofia mkononi, kama mtu aliyekuja kuomba kazi mara ya kwanza.

"Hiyo karatasi iko wapi?" aliuliza. "Nitaweka dole."

"Unajua inasema nini?"

"Wanasema nikiweka, wenzangu kumi watakamatwa."

"Ni kweli. Na wewe?"

"Mimi sina deni." Akatoa kifurushi mfukoni. Kilikuwa bado kimefungwa na uzi wa Anania, jina lake halijafutika. "Nilikwenda boma kesho yake ile ile. Karani akanifukuza. Akasema, jina lako liko chini ya Anania, tajiri wako ndiye anayekulipia, usituvurugie daftari. Nikarudi nacho. Sikujua tena ni cha nani."

"Miezi saba, Lameki! Kwa nini hukuniambia?"

Lameki alitazama ndani ya shimo. "Nilikuja mara mbili, jioni. Mara zote mbili nilikuta unakula peke yako, sahani ya pili imewekwa mezani. Nikaona haya kuingia."

Ile sahani Hulda alikuwa anaiweka kila siku, na alidhani hakuna aliyejua.

"Leta wino," Lameki alisema. "Wao walikula fedha zao, mimi naona. Lukas alinunua mbuzi. Mika alilipa mahari ya mwanawe. Wewe uliambiwa urudishe, ukarudisha. Wakiniita msaliti, nitaondoka. Mimi nina kwetu Makete."

Akachovya dole gumba kwenye wino, akaligandamiza chini ya maandishi kwa nguvu, kama anayeua funza. Kisha akaweka kifurushi juu ya karatasi na kwenda zake.

Jumatano ya wiki ya pili upepo wa Makambako ulikuwa mkali zaidi. Hulda alikuwa wa kwanza kwenye foleni, kikapu magotini. Alikuwa amefikiri siku sita bila mtu wa kumuuliza, akijibishana mwenyewe kwa sauti jikoni mpaka koo likakauka. Misumeno mitatu, gogo lililokwisha kulipiwa kibali, jina la Anania kwenye kila ubao wa dari ya kanisa. Vyote vingebaki vyake kwa dole moja jeusi.

"Umeleta?" wakili aliuliza.

"Andika ile barua nyingine."

"Barua gani?"

"Ya mtu aliyeshindwa."

Wakili alimtazama juu ya miwani. "Mama, nani amekutisha?"

"Hakuna mtu anayenisemesha, nani atanitisha? Mmoja wao aliniambia mbele ya watu kwamba fedha ile ni ya kodi. Nilimsikia vizuri. Najua kusoma, nilikuwa nimeliona daftari la mume wangu. Lakini walikuwa wananitazama wote, nikataka wanione mwema. Nikamwambia chukua. Sasa niwapeleke watu kumi wakavunje mawe kwa sababu mimi nilitaka kusifiwa siku moja?"

"Sheria inakuruhusu."

"Sikuuliza kama inaniruhusu. Andika."

Aliandika. Alikuwa hodari, katika ukurasa mmoja aliweka ujane, mila ya siku ya kumaliza msiba, na karani aliyemfukuza mlipaji mkononi ana fedha, kama Hulda alivyomsimulia. Hilo la karani alilipigia mstari. "Hili litafuta faini," alisema. "Deni halitafutika."

"Sikutaka lifutike. Nataka nipumue."

Wakili alikataa kuchukua zile shilingi kumi na tano za pili. Alisema atazichukua mbao zitakapouzwa, na akaondoa mawe juu ya karatasi zake, maana dereva alikuwa anapiga honi. Hulda alipobaki peke yake barazani alitoa karatasi ya Lameki, akaichana vipande vidogo, akaufungua mkono. Upepo ukamaliza kazi.

Jibu la Bwana Shauri lilikuja wiki ya mwisho ya Juni. Faini imesamehewa. Deni lilipwe shilingi ishirini na mbili kila mwezi kwa miezi kumi. Hulda alipeleka za mwezi wa kwanza siku ile ile: kifurushi cha Lameki, na shilingi mbili za kwake. Alimsimamia karani mpaka alipoandika stakabadhi ya Lameki kwa jina lake kamili.

Msumeno mmoja aliuuza. Wapasuaji wake wale kumi hawakurudi. Walikwenda kutafuta kazi kwenye mashamba ya miwati ya Wazungu, na hakuna tarishi aliyewafuata huko, nao hawakujiuliza kwa nini. Kanisani mke wa Mika alipomwona Hulda anakaa, alimvuta mtoto wake upande wa pili wa benchi. Hulda angeweza kusema sentensi moja tu, ikatosha. Hakuisema. Hakuwa mtu wa kukimbizana na watu njiani akiwaeleza wema wake. Alishafanya hivyo mara moja, na bei yake aliijua.

Jumatatu alivaa suruali ya Anania chini ya gauni, akafunga kitambaa kichwani, akaenda shimoni na stakabadhi kwenye kikapu. Alikuwa amekusudia kumpa Lameki, kama bado hajaondoka kwenda Makete, amshukuru, amuage.

Lameki alikuwa ameshashuka shimoni. Gogo lilikuwa juu ya mihimili, mstari umepigwa masizi, na msumeno umesimamishwa tayari, mpini wa juu hauna mtu.

"Stakabadhi yako hii," Hulda alisema, akainama kumpa.

Mkono ukatoka shimoni, ukaipokea, ukarudi.

"Na kwenu?"

"Kupo," sauti ilisema kutoka chini. "Hakutahama."

Hulda akapanda juu ya gogo, mahali aliposimama Anania miaka yote ile. Hakuwahi kujua kwamba kutoka pale aliye chini haonekani kabisa. Unaona mstari, unaona ukungu, unaona barabara ya Njombe isiyo na mtu. Akashika mpini. Akangoja, akidhani ataambiwa la kufanya.

Kisha msumeno ukavutwa kutoka chini, naye akauvuta juu.