Mikate Iliyoisha Mapema

Mume wangu alikufa mvua zilipoanza, na mimi nilirudi sokoni kabla hazijakatika. Watu waliona nimewahi. Kaka yake mkubwa, ambaye ndiye aliyesimamia mazishi, alitaka nifunge nyumba niende nikaishi kwake. Chumba kipo, alisema, na mkewe hana neno.

"Meza ya soko haibebwi na mtu mmoja, shemeji. Nyinyi mlikuwa wawili."

Nilimjibu kwamba nitaendelea maadamu watu wanautaka mkate wangu. Siku wakiacha kuutaka, nitafunga mlango mwenyewe na kumfuata. Hakufurahi, lakini alikubali, na wote waliokuwa wamekaa sebuleni walisikia. Nilikuwa nimejifunga kwa mdomo wangu.

Meza yetu iligawanyika katikati. Upande mmoja ilikaa mikate yangu, mingine mirefu, mingine ya duara, imefunikwa kitambaa. Upande wa pili vilikaa vitu vyake: miiko, vijiko vya mchuzi, vibao vya kukatia mboga, vifimbo vya kusukumia unga. Alivichonga mwenyewe katika banda lililo nyuma ya jiko, akavisugua kwa msasa mpaka ukivishika unadhani ni sabuni, kisha akavipaka mafuta na kuvining'iniza kwenye kamba. Vipande vya mbao vilivyobaki ndivyo vilivyowasha tanuri langu. Mimi si msemaji. Yeye ndiye aliyeongea na wateja, mimi nikafunga mikate kwenye karatasi.

Jumamosi ya kwanza ya kurudi nilitamani kuishia getini. Mama Sabuni, jirani yetu wa meza, aliniona nimesimama na trei kichwani, akaja kunitua. Huyu hutengeneza sabuni za vipande nyumbani kwake, na msiba wote alikuwa akiniambia nijikaze kisabuni. Kwa kuwa ndiye muuzaji, mtu hakujua kama anakufariji au anatangaza biashara.

Siku hiyo mikate iliisha kabla jua halijafika utosini. Haikuwa kawaida. Siku zote tulikuwa tukirudi na michache, na mume wangu aliigawa njiani kama mtu mwenye mashamba. Nilidhani ni kwa sababu ni siku ya kwanza. Jumamosi iliyofuata ikaisha tena, na iliyofuata. Miiko nayo iliondoka kana kwamba mji mzima umeanza kupika siku moja. Upande wake wa meza ulipobaki kitambaa kitupu, nilitandaza mikate mpaka huko. Nilianza kuoka zaidi. Kaka yake alipopiga simu, nilimwambia mikate inaisha mapema kuliko wakati wa marehemu, na yeye akasema, "Basi ni vizuri."

Nilijivunia jambo hilo. Ndilo pekee nililokuwa nalo la kujivunia.

Kuna mambo niliyaona, sitasema sikuyaona. Donge la unga liliumuka upesi mno. Nililiacha nikaoshe trei, nikarudi nikalikuta limefura limepita mdomo wa beseni, laini, linanata vidoleni kama gundi. Nikasema ni joto. Maganda ya mikate yalitoka tanurini meupe, hayana ile rangi ya kahawia. Nikasema ni kuni za kununua, hazina moto kama mabaki ya mbao zake. Mkate uliobaki nyumbani ulivunda haraka. Nikasema ni mvua. Kila kitu nilikitafutia sababu, na kila sababu niliiamini.

Kuonja, sikuonja. Tangu mazishi chakula kilikuwa kimekosa ladha kinywani mwangu. Nilikunywa uji kwa sababu wifi yangu alikaa mbele yangu akinitazama kama askari, na alipoondoka kwenda kwake niliendelea na uji kwa sababu ndio uliokuwa rahisi kumeza. Mkate ndio sikuugusa kabisa. Tulizoea kuumega ukiwa bado moto, mimi na mume wangu, tumesimama pale pale mbele ya tanuri. Sikuweza kusimama pale na kumega peke yangu.

Jumamosi moja kamba ya kiatu changu ilikatika. Mikate ilikuwa imebaki michache, nikamwachia Mama Sabuni meza, nikaenda kwa fundi viatu. Yeye hukaa chini ya ngazi za ofisi ya soko, na alikuwa rafiki wa mume wangu tangu ujana wao. Nilimkuta na kikombe cha chai pembeni na kipande cha mkate wangu mkononi. Gotini palikuwa na kikaratasi kilichokunjuliwa. Alichota kitu kwa vidole viwili, akanyunyiza juu ya mkate, akaupeleka mdomoni. Kisha akaniona.

"Karibu, shemeji." Kikaratasi kikapotea chini ya paja.

"Unakula na nini hapo?"

"Mkate wako."

"Mkate nauona. Nauliza hicho ulichokikalia."

"Dawa."

"Dawa ya nini?"

"Ya viatu."

"Viatu vya siku hizi vinapakwa chumvi?"

Alikiangalia kiatu changu kilichokatika kana kwamba ndicho kilichomuuliza. "Shemeji, kaa kwanza," akasema.

Sikukaa. Nilimtoa mkate mkononi, jambo ambalo sikuwahi kumfanyia mwanamume ambaye si mume wangu, nikamega upande ambao hakuugusa. Ulikuwa kama kutafuna karatasi iliyolowa. Unga, maji, na baada ya hapo hakuna kitu.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu uliporudi."

"Na watu wote wanajua?"

"Wote siwajui. Mimi nina kikaratasi. Muuza nyama ana kikopo."

Nilisimama pale na kiatu kimoja mguuni. Sikuhitaji mtu kunieleza limetoka wapi kosa hilo. Tulipooana vidole vyangu vilikuwa vikipasuka kwa sababu ya maji na unga, na chumvi ikiingia kwenye zile nyufa ilinichoma mpaka machozi. Mume wangu akasema basi chumvi niachie mimi. Nikawa nakanda unga bila chumvi, naufunika upumzike, naenda kuandaa trei. Yeye anatoka bandani na vumbi la mbao kwenye nyusi, ananawa, anamwaga chumvi na kuikandia ndani mpaka donge linakaza. Nikirudi, kazi imekwisha. Tulifanya hivyo miaka yote. Mikono yangu ilijua kila hatua ya kutengeneza mkate isipokuwa hiyo, na alipoondoka mikono iliruka pale pale ilipozoea kuruka.

Nilirudi mezani nikiwa nimeshika kiatu. Mama Sabuni aliangalia uso wangu mara moja tu, akaacha alichokuwa akifanya.

"Nani amekuambia?"

"Kwa hiyo na wewe ulijua."

"Mimi ndiye niliyewaambia wanyamaze. Nilizunguka meza kwa meza."

"Kwa nini?"

"Ulikuja hapa siku ile umebeba trei kama mtu anayekwenda kuzika mara ya pili. Ningekuambia nini? Pole kwa msiba, shoga yangu, halafu mkate wako hauna chumvi?"

"Ndiyo. Ungeniambia hivyo hivyo."

"Nilidhani utaonja. Kila Jumamosi nasema, wiki hii ataonja. Mwokaji gani haonji mkate wake?"

 Nikamuuliza kuhusu miiko.

"Miiko ilikuwa mizuri," akasema. "Hapo hakuna huruma. Mwiko ni mwiko."

"Wewe umenunua mingapi?"

"Mitano."

"Una sufuria mbili."

"Tatu." Akakaa chini kwenye kreti lake na kujifuta mikono kwa aproni, ingawa haikuwa na kitu. "Yule bwana alitia chumvi kila kitu, hata habari ya bei ya mbao. Tulikuwa tukimcheka. Nani angejua na mkate ni yeye?"

"Nilimwambia kaka yake kwamba watu wanautaka mkate wangu. Mmenifanya mwongo."

"Wanakutaka wewe, mwenzangu."

"Mimi siuzwi," nikamwambia.

Nilikusanya mikate iliyobaki na kuondoka bila kumuaga. Nilijua nimemkosea, na nilijua pia ana haki ya kukasirika, lakini hakukasirika, na hilo likaniumiza zaidi. Nyumbani niliwakatia mikate ile kuku wa jirani. Wao hakuna aliyewazungukia kuwaambia wanyamaze, na walikula bila neno.

Kisha nilishika simu. Nilikuwa nimetoa ahadi mbele ya watu: siku mkate wangu utakapokosa wa kuutaka. Sasa nilikuwa nimejua kwamba siku hiyo ilishapita zamani, ilipita Jumamosi ya kwanza kabisa, na mimi nikaendelea kutandika kitambaa na kuwashukuru watu. Nilikaa na ile simu mapajani muda mrefu. Nilifikiria chumba cha kwa kaka yake, godoro ambalo lingekuwa limewekwa ukutani, watoto wakiambiwa wasinipigie kelele. Ningepokelewa vizuri. Hicho ndicho nilichokiogopa, kupokelewa vizuri tena.

Lakini kuna kitu kilinizuia kupiga. Watu hawakuwa wameukataa mkate wangu, kwa sababu hakuna mtu aliyekuwa ameuonja. Waliokula walikula kitu kingine. Nikaona nina haki ya Jumamosi moja ya kweli, na baada ya hapo nitapiga simu na kusema lolote litakalokuwa kweli.

Kopo la chumvi lilikuwa kwenye rafu ya juu karibu na tanuri, mahali alipofikia mume wangu bila kunyoosha mkono. Ilinibidi nipande kwenye kiti. Chumvi ilikuwa imeshikana kuwa jiwe moja, kwa sababu ya unyevu na kwa sababu haikuguswa. Niliivunja kwa patasi yake. Kipimo chake kilikuwa kiganja. Niliona mara nyingi, kiganja kimoja kimejaa, akikifunga na kukifungua juu ya beseni. Nikaangalia changu. Kiganja chake kilikuwa cha kushika gogo. Nikaweka viwili. Nikafikiria ukubwa wa mkono ule, nikaongeza.

Vidole vilichoma, kama nilivyojua vitachoma. Niliendelea kukanda. Baada ya muda donge lililokuwa likinata liliacha kunata. Lilikaza chini ya mikono yangu, likanisukuma, nikalisukuma. Liliumuka polepole, kwa adabu. Mikate ilitoka na rangi. Niliitazama tu, sikuimega. Nilijiambia kwamba hii ni ya kuuza, lakini ukweli ni kwamba bado sikuweza.

Sokoni nilimsalimia Mama Sabuni, akaitikia. Nilimwomba radhi, akasema niache maneno mengi nipange mikate. Kila aliyefika nilimwambia kabla hajatoa hela: "Huu una chumvi. Anayenunua kwa kunionea huruma, nimeshukuru, asinunue tena."

"Hayo si maneno ya kuuzia kitu," Mama Sabuni akasema.

"Ndiyo niliyonayo."

Wengine waliona aibu wakanunua. Wengine walipumua kabisa, niliwaona. Mama mmoja aliyekuwa akichukua miwili kila wiki alinipa pole, akageukia meza ya pili, akanunua sabuni. Mchana ulifika na zaidi ya nusu ya mikate ilikuwa bado mezani, na jua liliipiga, nikaivutia kivulini.

Fundi viatu alikuja akiwa ameshachukua wake mapema kupitia kwa mtu aliyemtuma. Alikuwa nao mkononi, umemegwa mara moja tu. Alisimama mbele ya meza. Akamwangalia Mama Sabuni.

"Usimwangalie yeye," nikamwambia. "Niangalie mimi."

"Shemeji." Akakohoa. "Chumvi imezidi."

"Imezidi sana?"

"Ukiniuliza mimi, chumvi ya wiki zile zote umetulipa leo."

Mama Sabuni alificha uso kwenye aproni na mabega yakaanza kumtikisika. Fundi hakucheka. Aliniwekea mkate mezani, akasogeza ule upande uliomegwa unielekee, akasubiri. Nikamega. Nilitafuna taratibu, na ulimi wangu ulikunjamana kama wa mtoto aliyepewa dawa. Ilikuwa imezidi vibaya. Ilifika mpaka kwenye meno. Nilimeza, nikaomba maji kwa Mama Sabuni, nikanywa nusu ya chupa.

"Kweli," nikasema. "Imezidi."

"Basi nirudishie hela yangu."

Wakati wa mume wangu wateja walikuwa wakidai hivyo, na yeye alibishana nao mpaka wakasahau walichokuja kudai. Mimi sikubishana. Nilifungua kibegi, nikampa hela yake, akaiangalia, akaitia mfukoni. Kisha akauliza kama ile kamba ya kiatu imeshika, nikamwambia nimeifunga fundo mwenyewe na imeshika, akarudi chini ya ngazi zake.

Waliofuata niliwaambia kwamba mkate umezidi chumvi, na mtu akitaka aule na chai isiyo na sukari nyingi. Wachache walinunua hivyo hivyo, kwa bei ya kupunguziwa, wakibishana nami kwa sauti juu ya kila sarafu. Nilirudi nyumbani na trei nzito kichwani, mara ya kwanza tangu msiba.

Jioni kaka yake alipiga simu, kama kawaida yake siku za soko.

"Vipi leo, shemeji? Imeisha?"

"Haikuisha. Imerudi mingi, na mwingine nimerudishiwa na aliyeununua."

 Nilimsikia akitafuta namna ya kuanza, na nilijua anataka kuanza na nini.

"Nilizidisha chumvi," nikamwambia. "Jumamosi nitapunguza."